Bibi Asimulie Kwanza
Utangulizi wa historia simulizi katika filamu za katuni, kwa mifano ya Kilosa na Mikumi

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge Tanganyika walianzisha ofisi ya pamoja ya kutafuta vibarua, ikajulikana kwa jina la SILABU. Watu wake walikwenda Kigoma, Njombe na Songea, wakatafuta hata Urundi na Msumbiji. Walisainisha wanaume mikataba, wakawapakia kwenye malori na mabehewa, wakawagawa mashambani. Baadhi ya wanaume hao, manamba kama walivyoitwa, walishukia Kimamba na Kilosa. Historia yao imeandikwa, ingawa haijatosha: tunajua habari za mishahara, za kipande cha siku 30 za kazi, za migomo na za tani za singa zilizosafirishwa Ulaya. Habari za wake zao hazimo. Mwanamke aliyemfuata mumewe kutoka Kasulu mwaka 1953, mtoto mgongoni, hakusaini mkataba wowote, kwa hiyo hakuacha karatasi. Kama yu hai leo ana miaka 90 au anaikaribia. Wajukuu zake wana simu zinazorekodi sauti.

Utangulizi huu nawaandikia wajukuu hao. Taaluma ninayowakaribisha ni changa, haina hata jina moja ambalo wote tunalikubali. Imezaliwa pale kazi mbili zilipokutana: kazi ya mwanahistoria anayekaa chini na mzee na kumsikiliza, na kazi ya mchoraji wa katuni anayeufanya mchoro utembee. Matokeo yake ni filamu fupi, mara nyingi ya dakika 5 au 10, ambamo sauti unayoisikia ni ya mzee mwenyewe na picha unayoiona imechorwa kwa mkono. Wengi wakisikia neno katuni hufikiria watoto. Nawaomba waliweke kando wazo hilo kwa kurasa chache tu.

Mwanzo wa kazi hii hutajwa kuwa mwaka 1918. Miaka 3 kabla, meli ya abiria Lusitania ilikuwa imezamishwa na nyambizi ya Ujerumani, na hapakuwa na kamera iliyolinasa tukio hilo. Mchoraji Winsor McCay wa Marekani akalichora: moshi, ubavu wa meli ukiinama, watu wadogo wadogo wakianguka baharini. Filamu yake ina dakika 12 hivi. Ilitangazwa kama kumbukumbu ya tukio la kweli, na hapo likazaliwa swali ambalo hadi leo tunalibishania: mchoro unaweza kuwa ushahidi? Filamu za karibuni zimelijibu kwa njia mbalimbali. Marjane Satrapi alichora utoto wake wa Iran na maisha yake ya ugenini katika Persepolis ya mwaka 2007. Jonas Poher Rasmussen wa Denmark, katika Flee ya mwaka 2021, alichora safari ya rafiki yake aliyekimbia Afghanistan utotoni. Rafiki huyo anaitwa Amin katika filamu, na Amin si jina lake. Mchoro ulimpa uso wa kuazima, akaweza kusema mambo ambayo alikuwa ameyaficha miaka mingi. Msomi Annabelle Honess Roe aliandika kitabu kizima juu ya filamu za aina hii mwaka 2013, na hoja yake moja inafaa sana kwetu: katuni hufanya kazi mahali ambapo kamera haikufika, na pia mahali ambapo kamera haiwezi kufika kamwe, yaani ndani ya kichwa cha mtu.

Kwa bibi yetu aliyetoka Kasulu akashukia Kimamba, mahali pote pawili panahusika. Hakuna aliyempiga picha akishuka kwenye treni. Na kile kilichomjaa moyoni alipoona kwa mara ya kwanza mistari ya mkonge isiyo na mwisho, hicho hakipigiki picha.

Hebu tumfuate bibi huyo wa kudhania, maana hoja yangu yote iko katika safari yake. Kutoka Kigoma hadi Kilosa kwa reli ya kati ni karibu kilomita 1,000. Reli hiyo ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Treni inapita Uvinza kwenye chumvi, Tabora kwenye maembe, Manyoni, Dodoma, kisha Gulwe na Godegode, halafu inaingia milimani ikiandamana na mto Mkondoa hadi Kilosa. Kituo kinachofuata upande wa mashariki ni Kimamba. Sasa bibi anasimulia: anakumbuka kiu. Anakumbuka mwanamke mmoja aliyempa ndizi, hakumbuki kituo gani. Anakumbuka kuwa usiku mumewe alikuwa akimtajia majina ya mahali na yeye hakuyashika. Rangi ya behewa haikumbuki, wala siku walizokaa njiani.

Mchoraji mwenye bidii atakimbilia maktaba. Atatafuta picha za mabehewa ya miaka ya 1950, atachora kila ribiti, atachora ubao wa jina la kituo cha Dodoma kwa herufi sahihi. Filamu yake itapendeza na itakuwa imempoteza bibi, kwa sababu bibi hakuuona ubao ule, na kama aliuona hakuweza kuusoma. Kanuni ninayowafundisha wanafunzi wangu ni hii: mchoro usijue zaidi ya msimulizi. Kama behewa halikumbukwi, lisichorwe. Chora kiu. Chora mkono wenye ndizi unaotokea gizani, na uso wa mwenye mkono huo uuache bila sura. Chora majina ya vituo kama sauti zinazopita bila kutua. Mtazamaji ataelewa vizuri kwamba yuko ndani ya kumbukumbu, na kwamba yasiyoonekana hayaonekani kwa sababu.

Wenzangu kadhaa wanaipinga kanuni hii. Wanasema inamfunga mchoraji, na inamnyima mtazamaji kijana maarifa ambayo bibi hana lakini nyaraka zinayo. Nakubali kwamba maarifa hayo yana nafasi. Yawekwe katika sauti ya pili, au katika maandishi mafupi yanayoonekana wazi kuwa si ya bibi. Yasimwagwe ndani ya kumbukumbu yake kana kwamba aliyajua. Tofauti kati ya alichokiona na tulichokisoma baadaye ndiyo roho ya taaluma hii, na filamu ikiificha inakuwa tangazo.

Ipo sababu nyingine ya kuheshimu hata makosa ya mzee. Mwanahistoria Alessandro Portelli alikusanya simulizi za wafanyakazi wa viwanda vya chuma vya Terni, Italia, kuhusu kijana aitwaye Luigi Trastulli aliyeuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano. Wasimulizi wengi walisema aliuawa mwaka 1953, wakati wafanyakazi walipokuwa wanafukuzwa kazi. Portelli hakuwasahihisha na kuondoka. Aliuliza kwa nini mji mzima ulihamisha kifo kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, akagundua kwamba watu walikiweka pale ambapo kingekuwa na maana kwao. Bibi wa Kimamba anaweza kusema alifika mwaka wa njaa, huku hesabu ya umri wa mwanawe ikionyesha vingine. Usimkatize. Andika yote mawili, kisha jiulize kwa nini njaa ile imekwenda kukaa pale alipofikia.

Hatuanzi bila watangulizi. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka Fumba na kuhamia mjini Unguja, akaona kwamba maisha ya mwanamke asiye na cheo yanastahili kitabu. Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha mwaka 1989 maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyosimuliwa na wenyewe kwa Kiswahili. Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alisikiliza wanawake wa TANU, Bibi Titi Mohamed akiwa mbele yao, na simulizi zao zikaonyesha kwamba historia ya uhuru ilikuwa imesimuliwa nusu. Na hapa hapa Kilosa, T. O. Beidelman alianza utafiti wake kwa Wakaguru mwaka 1957 akaendelea kuandika juu yao kwa miongo. Ukimsoma utafaidika mno, ingawa katika kurasa zake utamsikia zaidi Beidelman kuliko bibi wa Kikaguru.

Upande wa kalamu ya mchoraji nao una wazee wake. Wasomaji wa gazeti la Uhuru miaka ya mwisho ya 1960 walimpenda Chakubanga wa Christian Gregory, mtu wa shamba anayehangaika na mambo ya mjini. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alitoka Tunduru akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam na kushika brashi. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha. Uchoraji wetu unaojulikana zaidi duniani ulianzishwa na mtu aliyepita njia ile ile ya vibarua wa mkonge, lakini watalii hununua simba na twiga. Kambi za mkonge hazikupata nafasi kwenye turubai zile.

Filamu nazo zilifika huku zikiwa na nia ya mtu mwingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu za kuwaelekeza Waafrika namna ya kulima, kuweka akiba na kutunza afya, ukazizungusha kwa lori vijijini. Aliyeziongoza, Leslie Notcutt, alikuwa amewahi kusimamia mashamba ya walowezi. Waafrika walionekana kwenye filamu hizo wakifundishwa. Tangu hapo tumesafiri mbali. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza katuni za Kiswahili kwa watoto tangu mwaka 2014, ikathibitisha kwamba vijana wetu wanaimudu kazi hii kiufundi. Ng'endo Mukii wa Kenya, katika Yellow Fever ya mwaka 2012, alichanganya mchoro, mwili na sauti za wanawake wa familia yake kuzungumzia kuchubua ngozi. Anayetaka kujua sauti ya ndugu wa nyumbani inavyoweza kubeba filamu, aanze na hiyo.

Sasa Kilosa yenyewe. Nimeichagua kwa sababu ni wilaya ambamo karibu kila familia ina safari ndani yake. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ni wenyeji wa milima na mabonde haya. Misafara ya biashara kati ya pwani na Unyanyembe, kule Tabora, ilipita Usagara karne nzima ya 19, na watu walibaki njiani, wengine kwa hiari, wengine kwa pingu. Reli ikaleta mafundi, maduka ya Wahindi, Wagiriki waliofanya kazi za ujenzi kisha wakageuka wenye mashamba. Mkonge ukaleta manamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000, ikaongoza duniani. Bei ikaanza kuporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, moja baada ya nyingine zikanyamaza. Wengi hawakurudi kwao. Walilima mahindi na mpunga kandokando ya mkonge uliogeuka pori, wakazikwa hapo.

Kuna safari fupi ambazo hazihesabiwi kuwa uhamiaji, na mimi naziweka katika kundi hilo bila kusita. Wakati wa Operesheni Vijiji, kuanzia mwaka 1973, mamilioni ya Watanzania walihamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Mwingine alisogea kilomita 8 tu, lakini aliacha makaburi, miembe na jiko lake. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukabeba nyumba na reli, na maelfu ya watu wa Kilosa wakaenda kuishi kwenye mahema. Bibi anaweza kuwa amehama mara tatu bila kuvuka mpaka wa nchi hata mmoja. Filamu nzuri itaziweka safari hizo pamoja, maana kwake hazijatengana.

Mikumi ina sura nyingine. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1964, barabara kuu iendayo Iringa na Zambia ikakatiza katikati ya wanyama, na reli ya tawi kutoka Kilosa ikapita hapo kuelekea Kidatu kwenye miwa. Mji ukakua kwa watu wa njiani: madereva, utingo, mafundi wa gereji, mama lishe. Kumbukumbu za mabibi wa hapa hazina treni ya siku nyingi wala mkataba. Zina mwanamke aliyeshuka kwenye lori akakusudia kulala usiku mmoja, akapika, wakanunua, akapika tena. Ni uhamiaji wa polepole usio na siku ya kufika, na kuuchora ni kugumu zaidi kuliko safari ndefu yenye mwanzo na mwisho. Ningependa sana kumwona mwanafunzi anayejaribu.

Hapa lazima niseme jambo zito. Kilosa, swali la nani alitangulia kufika si swali la wazee wa kupiga soga. Ni swali la ardhi. Wafugaji Waparakuyo wameishi wilayani humu kwa vizazi, katika vijiji kama Twatwatwa, na wakulima wanaowazunguka wana simulizi zao juu ya bonde lile lile. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Bibi wa Kiparakuyo anayesimulia jinsi mama yake alivyoshuka na ng'ombe kutoka nyika za kaskazini anatoa kumbukumbu ya upendo, na papo hapo anatoa kauli ambayo mtu mwingine anaweza kuipeleka kwenye baraza la ardhi kudai kwamba watu hawa ni wageni. Vivyo hivyo kwa mjukuu wa manamba. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, mweleze bibi haya kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu anayemwamini, na umwambie kwamba anaweza kubadili nia hata filamu ikiwa imekwisha. Katuni inasaidia: uso unaweza kubadilishwa, kijiji kinaweza kubaki bila jina, kilima kinachotambulika kinaweza kuchorwa vingine. Lakini sauti haibadiliki kirahisi, na watu wa kijijini hutambuana kwa sauti.

Nani amhoji? Nina jibu lisilo la kitaalamu sana, nalo ni mjukuu. Baina ya bibi na mjukuu kuna utani ambao mama na binti hawana. Mjukuu anaweza kumuuliza bibi kama kweli alimpenda babu, au kama alitaka kutoroka na kurudi kwao, na bibi atacheka, atamtukana kidogo, kisha atajibu. Mtafiti mwenye karatasi ya maswali hapewi jibu hilo. Vilevile kumbuka utani wa makabila. Utani wa Wanyamwezi na watu wa huku ulikomaa kwenye njia za misafara, na mtani akikaribishwa msibani au harusini unasikia historia ya safari ikisemwa kwa matusi ya kirafiki. Nenda na shikamoo, kaa chini, saidia kuchambua mboga. Rekodi pia ukimya, na majogoo, na mvua kwenye bati, maana utavihitaji.

Kazi ya mikono huanza baada ya hapo. Sauti hunakiliwa yote kwa maandishi, kwa lugha aliyoitumia. Akiingia Kiha au Kisagara, usimrudishe kwenye Kiswahili; tafsiri itapita chini ya picha. Kisha sauti hukatwa hadi zibaki dakika 5, na huko kukata ndiko kunakouma. Filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wengi huchora 12 na kuirudia kila moja mara mbili. Kwa dakika 5 hiyo ni michoro 3,600. Anayechora 30 kwa siku atamaliza kwa siku 120. Ndiyo maana nasema sauti kwanza: ukianza na picha, utamlazimisha bibi afuate michoro iliyokwisha kukuchosha mkono. Programu kama Krita na Blender hupatikana bure, na mchoro mmoja uliotulia sekunde 10 chini ya sauti nzuri unaweza kuzidi michoro 120 inayohangaika.

Watazamaji wetu, kwa bahati njema, wamezoea kusikiliza filamu. Katika mabanda ya video wamekua na wasimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, aliyezungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzifanya za kwetu. Hawashangai sauti kuitawala picha. Kwa hiyo filamu ya bibi haihitaji muziki wa kumkazania mtazamaji alie. Inahitaji spika inayosikika hadi nyuma ya banda.

Onyesho la kwanza ni la bibi peke yake, pamoja na anaowachagua. Tenga muda na fedha za kuchora upya, kwa sababu atasahihisha. Atasema kanga haikufungwa hivyo, mumewe hakuwa mrefu, ndizi ilikuwa mbivu. Hata pale atakapokumbuka jambo jipya linalopingana na alilosema mwanzo, lichukue, na weka rekodi zote mbili. Nakala ya sauti kamili, isiyokatwa, ibaki kwa familia. Nyingine, kama ameridhia, ipelekwe mahali pa kutunzia nyaraka ikiwa na tarehe, mahali iliporekodiwa na masharti aliyoyaweka, ili mtafiti wa baadaye asiyemjua aweze kumsikia akizungumza kwa saa 3 na si kwa dakika 5 tulizozichagua sisi.